Kuonyesha Filamu za Muziki za Uingereza Uani Kisumu: Anza na Sauti

Filamu ya mapigano ikikosa sauti nzuri, watu bado wanafuata nani kampiga nani. Ya muziki haiendi hivyo. Maneno ya wimbo yakimezwa na besi, hadithi imekatika hapo hapo. Kama pesa zinatosha kukodi kitu kimoja tu kizuri, kodi spika, projekta ifuate.

Kwa hadhira ya wakubwa na watoto pamoja, anza na Oliver! ya 1968, iliyoongozwa na Carol Reed na kushinda Oscar ya filamu bora. Ina dakika 153, nyingi kwa mtoto aliyeketi mkekani, kwa hiyo weka mapumziko ya dakika 15 kabla ya sehemu ya asubuhi ya wachuuzi, wanapoimba "Who Will Buy?". Wimbo huo wa wachuuzi ndio kipimo cha spika zako. Muuza waridi anaanza peke yake, muuza maziwa anaingia, kisha wa stroberi, kisha mnoa visu, kila mmoja na mwito wake, mpaka sauti zinapandana kama soko la Kibuye kunapokucha. Simama safu ya mwisho usikilize. Ukiweza kutenganisha miito, mpango wako ni mzuri. Ukisikia mvumo mmoja tu, punguza besi kwanza. Kuongeza sauti kutazidisha ule mvumo.

Kwa usiku wa shule, Bugsy Malone (1976) ya Alan Parker haina mpinzani: dakika 93, waigizaji wote watoto, bunduki zinarusha krimu na magari yanaendeshwa kwa pedali. A Hard Day's Night (1964) ya Beatles ina dakika 87. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na Kiingereza chake cha Liverpool kinakwenda mbio, kwa hiyo weka maandishi ya chini hata kwa watu waliosoma. Watu wengi huomba Mary Poppins na My Fair Lady wakidhani ni za Uingereza. Hadithi ni za London kweli, lakini zote mbili ni za studio za Marekani na zilipigwa California.

Ipo pia Sanders of the River ya 1935, yenye nyimbo za mwimbaji Mmarekani Paul Robeson, ambamo Jomo Kenyatta alikuwa mwigizaji wa ziada enzi zake za London. Jina hilo litajaza ua. Usiionyeshe bila mazungumzo kabla yake: inasifu utawala wa kikoloni, na Robeson mwenyewe aliikana baadaye.

DVD hufungiwa kanda, yaani eneo la dunia (Region): iliyonunuliwa Uingereza ni ya kanda ya 2, na mashine za Kenya ni za kanda ya 5. Mashine ikiikataa, si kwamba diski ni mbovu. Tafuta inayosoma kanda zote. Diski hizo pia hukimbiza filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Oliver! inaisha kwa dakika 147 hivi, na kila wimbo unapanda karibu robo tatu ya nusu toni. Mtazamaji hatambui, lakini kwaya inayotaka kuimba pamoja na kinanda itaona inagombana na filamu. Pandisha kinanda hadi noti ya A iwe takriban 458 Hz badala ya 440, au tumia Blu-ray, ambayo kwa kawaida huenda kwa mwendo wa asili.

Unganisha spika kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na kwenye wimbo mdomo unafunga kabla neno halijafika. Ukilazimika kuitumia, kwenye VLC, programu ya kompyuta ya kuchezesha filamu, bonyeza J. Kila mguso unaiwahisha sauti kwa milisekunde 50. Pima kwa mazungumzo, kamwe usipime kwa wimbo. Sauti ya kuimba ya Oliver si ya Mark Lester aliyeigiza, ni ya Kathe Green. Watoto wa Bugsy Malone nao waliimbiwa na watu wazima. Ukifuata midomo yao utaharibu kilichokuwa sawa.

Kosa jingine: muziki unavuma lakini waimbaji wako mbali kama wako kisimani. Filamu inatoa sauti ya njia sita, spika zako ni mbili, na waimbaji wamewekwa kwenye njia ya katikati isiyo na spika. Badilisha mpangilio wa mashine itoe stereo, yaani njia mbili.

Kwa upande wa picha, ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unashinda shuka. Kama ni shuka, iwe bila mshono wa katikati, maana mshono utapita usoni mwa mwimbaji, na uifunge pande zote nne dhidi ya upepo wa ziwani. Projekta nyingi huhitaji mita 4.5 kutoa picha ya upana wa mita 3. Oliver! ina picha pana, kwa hiyo kimo chake kitakuwa mita 1.28 tu, inua shuka ili vichwa visiikate. Tafuta projekta ya lumeni 2,000 za ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa kiwango rasmi. Namba kubwa kwenye boksi bila neno hilo usiziamini. Vimashine vidogo vya lumeni 200 vibane hadi upana wa mita 1.5, la sivyo pango la wezi katika Oliver! litakuwa giza tupu.

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, na giza haichelewi. Anza saa moja na nusu. Wadudu wa ziwani watafuata mwanga na kuingia kwenye feni ya projekta, kwa hiyo washa balbu kali mita 15 pembeni iwavute huko. Nakuru tatizo ni baridi. Waambie watu waje na mablanketi. Kakamega usitegemee ukumbi wa mabati yasiyo na siling: mvua ikinyesha, hakuna spika itakayoishinda.

Onyesho la hadhara linahitaji ruhusa ya mwenye haki za filamu, na filamu iwe imeidhinishwa na KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu. Shughulikia hayo wiki kadhaa kabla.

Stima ikipotea ghafla, taa ya projekta inabaki na moto bila feni na inaweza kuungua. UPS ndogo, betri ya akiba ya umeme, inatosha kukupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Hata filamu ikiisha salama, usichomoe waya mara moja. Bonyeza kitufe cha kuzima, acha feni izunguke mpaka isimame yenyewe, ndipo uondoe plagi.