Namna ya kutofautisha aina za sarafu ya heller 20 ya Tabora, 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipozifunga njia za meli, sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kwa hiyo mwaka 1916 watawala wakaanza kugonga sarafu za dharura huko Tabora kwa kutumia mitambo na mafundi wa karakana ya reli. Mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu, iliyochongwa katika mazingira hayo haikulingana, na ndiyo sababu heller 20 moja (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia ya koloni hilo) hutofautiana na nyingine katika madini, katika taji na katika herufi. Somo hili linahusu tofauti hizo tatu.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachokishika. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la Kijerumani la koloni hilo), mwaka 1916 na herufi T chini yake, ambayo ni alama ya Tabora. Upande wa pili una thamani, 20 HELLER. Sarafu za heller za koloni hilo zilizogongwa Ujerumani hubeba alama A ya Berlin au J ya Hamburg, na miongoni mwake hakuna heller 20 hata moja. Ukionyeshwa heller 20 yenye alama hizo, irudishe kwa mwenyewe.

Hatua ya pili: tambua madini. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya manjano, ambayo kwa sehemu ilitokana na maganda ya makombora ya mizinga. Usihukumu kwa rangi ya uso mzima, kwa kuwa miaka zaidi ya mia moja huzifanya zote mbili kuwa za kahawia. Tazama sehemu zilizosuguliwa zaidi, yaani ukingo na vilele vya taji, chini ya mwanga wa mchana.

Hatua ya tatu, ambayo binafsi naiona kuwa ndiyo kiini cha kazi hii: soma herufi L mbili za neno HELLER. Tumia kioo cha kukuzia cha mara kumi, ulaze mwanga upande ili kivuli kioneshe umbo la herufi, kisha utazame ncha ya kila L. Ikiwa ncha ya L ya pili peke yake imejikunja, huo ni upande wa thamani A. Ncha zote mbili zikiwa zimechongoka, ni upande wa thamani B. Zote mbili zikiwa zimejikunja, ni upande wa thamani C. Zungusha sarafu polepole na uitazame tena mwanga ukitoka upande wa pili, kwa sababu uchafu uliokauka kwenye kona ya herufi huweza kuifanya ncha iliyochongoka ionekane kama iliyojikunja.

Hatua ya nne: pima taji. Taji kubwa huitwa upande wa taji A na taji dogo upande wa taji B. Mwenye sarafu moja tu hana cha kulinganishia, hivyo apime upana wa taji dhidi ya upana wa maandishi D.O.A., kisha afanye vivyo hivyo kwenye picha ya katalogi.

Mwisho, andika matokeo yote matatu pamoja, kwa mfano: shaba ya manjano, taji B, thamani A.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, yangu ni nyeusi kabisa. Je, niisafishe kwa ndimu ili niyaone madini?

Jibu: Hapana. Asidi hula uso wa sarafu pamoja na ncha zilezile unazozitafuta, na thamani yake kwa wakusanyaji hushuka. Ukingo utakupa jibu.

Swali: Kuna mstari unaopita katikati ya taji hadi pembezoni. Je, ni aina mpya?

Jibu: Pitisha ukucha taratibu. Mstari ulioinuka umetokana na ufa wa muhuri, nao utaonekana kwenye sarafu nyingine zilizogongwa kwa muhuri huohuo. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa baadaye. Ufa ni hatua ya uchakavu wa muhuri, si mchoro mpya, kwa hiyo uandike pembeni ya kumbukumbu zako bila kuuita aina.

Swali: Je, ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyogongwa pia Tabora mwaka 1916, nayo ina aina?

Jibu: Inazo mbili. Kwenye upande wa tai, tazama pambo lililo karibu na neno OSTAFRIKA: katika aina moja linaishia chini ya herufi T, na katika nyingine linaishia chini ya A inayoifuata. Zote kwa jumla ziligongwa 16,198, na kwa kuwa za bandia ni nyingi, anza na mizani kabla ya pambo: iliyo halisi ina uzito wa takriban gramu 7.17.