Jinsi ya Kufundisha Namna Jeni Zinavyofungwa na Kufunguliwa Katika Ubongo

Mwanafunzi aliyemaliza mada ya urithi katika Kidato cha Nne huwa amekariri kwamba seli zote za mwili zenye kiini zimebeba takriban DNA ileile, lakini ni nadra kuulizwa swali linalofuata: ikiwa maagizo ni yaleyale, mbona seli ya ini hutengeneza nyongo na niuroni, yaani seli ya neva, haitengenezi? Anza somo kwa swali hilo, na usilijibu mara moja.

Hapa Mombasa, ambako wanafunzi wengi wamepitia madrasa, mfano ulio karibu ni irabu. Andika ubaoni kaf, ta na ba bila irabu, kisha mwanafunzi mmoja azisome “kataba” na mwingine “kutiba”. Herufi ni zilezile, ila alama zilizowekwa juu na chini yake ndizo zinazoamua zisomwe vipi. Wasiosoma Kiarabu waketi na wenzao wanaosoma, nao wataelezwa vizuri. Kisha uache mfano huo mapema, kwa sababu irabu haziwezi kuonyesha jinsi jeni inavyofungwa kabisa, na kuanzia hapo kemia yenyewe ndiyo iongoze.

Taja alama mbili tu za kemikali. Ya kwanza ni methili, ambayo hubandikwa hasa kwenye sitosini (herufi C ya DNA) inayofuatwa na guanini (G), na ambayo ikijaa mwanzoni mwa jeni kwa kawaida huizuia isisomwe. Ya pili ni asetili, inayowekwa kwenye histoni, zile protini ambazo DNA huzizunguka, takriban jozi 147 za besi kwa kila kundi la histoni nane. Asetili hulegeza mzunguko huo, na ikiondolewa DNA hukazika tena. Sisitiza kwamba alama hizi hazijichagulii mahali pa kukaa. Katika seli zisizo za neva, protini iitwayo REST hutambua mfuatano maalumu karibu na jeni nyingi za niuroni, ikajishika hapo na kuita vimeng'enya vinavyoondoa asetili, hivyo jeni hizo zikabaki kimya. Seli changa inapogeuka kuwa niuroni, REST hupungua na jeni hizo hufunguka. Ukiiruka hatua hii, mwanafunzi atadhani methili na asetili zina akili zake zenyewe.

Sasa wape karatasi na kalamu, kwa maana hatuhitaji maabara ili kuelewa jinsi watafiti wanavyozisoma alama hizi. Waandike ACGTCCACGT, kisha waweke nukta juu ya C ya kwanza kuonyesha kwamba ina methili. Waeleze kwamba kemikali ya baisalfaiti hubadilisha kila C isiyo na methili ikaja kusomwa kama T, na huiacha ile yenye methili ilivyo. Matokeo ni ACGTTTATGT. Warudie zoezi bila nukta yoyote, nao watapata ATGTTTATGT. Wayaweke majibu mawili sambamba na kuyalinganisha herufi kwa herufi: tofauti iko kwenye herufi ya pili peke yake, na kutokana na herufi hiyo moja mtafiti anajua ni DNA ipi iliyokuwa na alama. Usiharakishe hapa, hata kipindi kizima kikiisha.

Darasa likishaiweza kazi hiyo, eleza kasoro ya njia yenyewe, kwa kuwa kasoro hiyo inagusa ubongo moja kwa moja. Niuroni zina kwa wingi aina nyingine ya alama, haidroksimethili, ambayo baisalfaiti peke yake haiwezi kuitofautisha na methili. Vilevile, baada ya mtoto kuzaliwa, niuroni huanza kukusanya methili hata kwenye sitosini zisizofuatwa na guanini, jambo ambalo ni adimu katika tishu nyingine nyingi. Protini ya MeCP2 hushika alama za methili, na mwaka 1999 maabara ya mtafiti Huda Zoghbi ilionyesha kwamba hitilafu katika jeni yake husababisha ugonjwa wa Rett, unaoathiri ukuaji wa ubongo hasa kwa wasichana.

Malizia kwa jeni ya UBE3A, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, maana sijaona mfano ulio bora kuliko huu. Katika tishu nyingi nakala ya baba na ya mama zote husomwa. Ndani ya niuroni, nakala ya baba hunyamazishwa na RNA ndefu inayosomwa kutoka uzi wa pili wa DNA, ilhali kwenye kromosomu ya mama methili huizuia RNA hiyo isianze kusomwa. Mtoto akikosa nakala ya mama, niuroni zake hubaki bila jeni hiyo inayofanya kazi, na hupata ugonjwa wa Angelman, ambao nao huathiri ukuaji wa ubongo. Sema wazi mbele ya darasa kwamba hitilafu hii mara nyingi hutokea yenyewe, na kwamba mama hana kosa lolote. Mtaani kwetu akina mama wamelaumiwa vya kutosha kwa ulemavu wa watoto wao.

Kisha wapeleke nyumbani na swali hili: kwa nini damu ya mtoto huyo yaweza kutumika kuutambua ugonjwa, ilhali seli za damu bado zinasoma nakala ya baba? Jibu ni kwamba alama ya methili inayoonyesha nakala imetoka kwa mzazi yupi huwekwa tangu kwenye yai au mbegu, ikabaki katika seli zote, ila athari yake kwa UBE3A huonekana ndani ya niuroni. Alama nyingine nyingi haziko hivyo, bali hutofautiana baina ya tishu na tishu. Kwa hiyo mwanafunzi atakayesoma kwamba methili iliyopimwa kwenye mate au damu inaeleza hali ya ubongo wa mtu, kwanza aulize iwapo alama hiyohiyo iliwahi kulinganishwa na ile iliyomo ndani ya niuroni.