Upepo umeezua bati? Usimwite fundi kwanza

Wana Moshi, masika hii upepo ukikuezulia nyumba, kabla ya kugusa kitu toa simu piga picha kila kitu, bati zilipodondokea, ukuta uliopasuka, godoro lililolowa, yaani mpaka dari, halafu ndo ufunike na turubai, na risiti ya turubai tunza.

Una bima? Toa taarifa siku hiyohiyo. Ila soma karatasi yako, bima ya moto peke yake mara nyingi haigusi dhoruba wala mafuriko mpaka uwe umeongezea, hapo ndo watu wanaliaga. Kama ulijenga kwa mkopo ulizia benki, huenda nyumba ina bima na wewe hujui. Kampuni ya bima ikikuzungusha nenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, Arusha wana ofisi ya kanda.

Huna bima, anza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandike, taarifa ipite kwa mtendaji wa kata mpaka kamati ya maafa ya wilaya. Ukweli tu, mara nyingi utapata unga na blanketi. Hanang walijengewa nyumba baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023, lakini lile lilikuwa balaa lingine kabisa.