Msiguse Python ya mfumo
Wenzangu mnaotunza kompyuta za vyama vya msingi vya korosho hapa Mtwara, programu ya kumbukumbu za ghala ikidai toleo la 3.11 la Python, lugha ya kuandikia programu, tafadhali msibadilishe kiungo cha /usr/bin/python3, kinachoelekeza kwenye Python ya mfumo, kwa kuwa mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10, na baadhi ya zana zake za kusimamia vifurushi, ikiwamo add-apt-repository, hutegemea toleo hilohilo. Sakinisheni python3.11 na python3.11-venv pembeni, kisha ndani ya folda ya mradi andikeni python3.11 -m venv mazingira, amri inayounda folda ya mazingira iliyotengwa na mfumo. Mkiyawasha mazingira hayo, maktaba zote, yaani vifurushi vya ziada vya Python, zitakaa humo. Debian 12, mfumo endeshi mwingine uliotoka mwaka 2023, huizuia pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, kuweka maktaba kwenye mfumo, uamuzi ninaouona wa busara, hivyo msiupindue kwa chaguo la pip la --break-system-packages, hasa minada inapokaribia.