Kabla Hujatuma Kipima Presha Kisoro

Ukimtumia mshiriki wa utafiti kifaa cha kujipimia nyumbani, anza na yeye atakayekipokea. Posta Uganda hutegemea masanduku ya barua, na mshiriki wa utafiti anayeishi vilimani Kisoro au kisiwani Kalangala mara nyingi hana sanduku wala namba ya nyumba. Mzigo wa Kisoro hupanda basi Kampala, hushushwa ofisi ya basi mjini, kisha unangoja mtu ambaye huenda simu yake imeisha chaji. Kwa hiyo fomu ya kujiunga iwe na namba mbili za simu, pamoja na jina la mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT, au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikiwa mshiriki ameridhia wajue. Nauli ya boda boda kutoka stendi hadi nyumbani ni ya mradi. Itumwe kwa simu kabla mzigo haujafika. Kuahidi kurudisha hela baadaye ni kumkopa maskini.

Nje ya boksi pasiandikwe jina la ugonjwa wala la utafiti. Karani wa mizigo huenda anafahamiana na shemeji wa mshiriki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa zenye ulinzi wa pekee.

Kuhusu kifaa, pima mkono wa mshiriki siku ya kumwandikisha. Mikanda mingi ya kawaida ya kipima presha hutosha mduara wa sentimita 22 hadi 32, na mkanda unaobana mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Kipima oksijeni cha kidoleni kina kasoro kubwa zaidi: kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi ya damu, na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulilionyesha hilo waziwazi. Usikitegemee peke yake.

Chagua kifaa cha betri zinazouzwa dukani kijijini, tena chenye kuhifadhi vipimo bila intaneti. Ukiweka laini ya simu ndani yake, kumbuka laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Amua mapema itakuwa kwa jina la nani.

Kamati ya maadili itauliza kifaa kitarudi vipi, au kama mshiriki atabaki nacho. Mimi ningeuliza zaidi hili: kipimo kikisoma 180/120, presha ya hatari, Jumapili usiku, nani atapokea simu, na mgonjwa atafikaje kituo cha afya?