Kabla hujaichonga chenso yako iongezeke nguvu, soma hapa kwanza

Wakuu, huku kwetu Mafinga, Njombe mpaka Makete kila mwenye chenso (msumeno wa injini) ya saizi ya kati, namaanisha hizi za cc 50 mpaka 65, ipo siku atakutana na mlingoti mnene, mashine inalia inataka kuzima, halafu mtu anamwambia mpelekee fundi fulani akaichonge silinda, yaani apanue ile milango ya ndani inayopitisha hewa na moshi ili nguvu iongezeke. Mimi sipingi kuchonga, zipo mashine zinastahili kabisa. Ila nyingi zinazopelekwa kwa fundi hazijapungukiwa silinda, zimepungukiwa vitu vya kawaida sana, na hiyo hela ingeshanunua cheni mbili na mafuta ya kazi.

Anza na cheni. Kata gogo halafu inama uokote kinachotoka: kama ni vipande vinene unavishika na vidole, cheni iko poa, kama ni unga basi hapo hakuna nguvu itakayokusaidia. Na usinoe jino tu, kile kijino kifupi cha mbele yake ndicho kinachoamua jino linaingia kiasi gani kwenye mti, inabidi kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Watu wengi wananoa na kunoa bila kukigusa, jino linashuka chenyewe kinabaki juu, cheni inateleza tu juu ya mti, wewe unakandamiza mashine, klachi inaungua, unasema mashine haina nguvu. Cheni ya 3/8 (hiyo ni saizi ya cheni kwa inchi) tupa yake ni ya milimita 5.5, kwa za Stihl ni 5.2, ile ya .325 ni 4.8, usichanganye.

Cha pili ni hii miinuko yetu, na hapa naomba usome taratibu. Injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya bahari, Njombe inakaribia 2,000, kwa hiyo chenso iliyoandikwa kilowati 3 huku inakupa kama 2.4 hivi hata ikiwa mpya kabisa. Tena kabureta iliyosetiwa Dar huku inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, mashine inakoroma, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi. Kuna watu wanachonga silinda kumbe dawa ilikuwa bisibisi tu kwenye skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima mafuta mashine ikiwa kasi. Washa, iache ipate moto, bonyeza mafuta mpaka mwisho ikiwa hewani: inatakiwa ikorome kidogo, ukiiingiza kwenye gogo ule mkoromo unapotea inakuwa sauti safi, ukiitoa mkoromo unarudi. Ikilia kwa sauti nyembamba safi hata ikiwa hewani basi umebana mno, fungulia haraka kabla haijanoki. Na ukishaiseti Njombe halafu ukapata kazi ya kushuka Kilombero, iseti upya kabla ya kukata hata tawi, kule chini hewa ni nzito na ile seti ya milimani itakuulia pistoni. Kama yako ni ya kabureta inayojiseti yenyewe kama M-Tronic ya Stihl au AutoTune ya Husqvarna, hili la bisibisi halikuhusu.

Cha tatu kompresheni, yaani jinsi pistoni inavyobana hewa ndani ya silinda. Zima swichi, kama ina kile kibatani cha kupunguza kompresheni hakikisha hakijabonyezwa, shika mpini wa kamba ya kuwashia uiache mashine ining'inie. Ikishuka kwa kukatakata, inasita inashuka inasita, kuna uhai. Ikishuka moja kwa moja mpaka chini ringi zimeisha. Mwenye geji apime, 150 psi kwenda juu ni nzuri, chini ya 120 usifikirie kuchonga, fikiria ringi na pistoni. Fungua pia eksozi uchungulie pistoni kwa tochi, ukiona michirizi ya kusimama upande ule wa eksozi ujue ilishawahi kukosa oili au kubanwa mafuta, na mashine ya hivyo ukiiongezea nguvu unaimalizia.

Sasa kama hayo yote yako sawa na bado hujaridhika, jiulize hiyo mashine kwa siku inakata mti kweli muda gani. Ukifuatana na opareta anayeangusha paina kwa ajili ya dingdong (mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika) utaona muda mwingi anapunguza matawi, anatembea, anasubiri magogo yavutwe, ananoa. Kwenye kazi hiyo asilimia 15 ya nguvu haionekani mfukoni, cha maana ni wepesi wa mashine. Anayeiona ni yule anayepasua mbao kwa chenso au anayekata milingoti minene kutwa nzima na baa (upanga unaobeba cheni) ya inchi 20, huyo mashine inakaa ndani ya mti dakika nyingi na kila dakika inamlipa.

Kwa huyo ushauri wangu ni aanze na eksozi. Eksozi nyingi za mashine hizi zina tundu dogo kwa ajili ya kelele na sheria za moshi za wenzetu Ulaya na Marekani. Itoe kabisa kwenye mashine kwanza, usitoboe ikiwa imefungwa maana chembe za chuma zitaingia kwenye silinda, ongeza tundu lakini jumla yake isizidi kama robo tatu ya tundu la silinda linalotoa moshi, elekeza moto mbele mbali na mkono na tanki. Halafu lazima uongeze mafuta kwenye H maana hewa sasa inapita kwa wingi. Ile wavu ya kuzuia cheche iache, tafadhali sana, kiangazi sindano za paina chini zimekauka na tunajua moto unavyotembea kwenye mashamba ya Sao Hill na ya wanakijiji. Masikio nayo yazibe, kelele inaongezeka kweli.

Kuchonga milango ya silinda ni jambo jingine. Ukikosea milimita moja silinda haina kurudi, na hapa silinda orijino si ya kuikuta kila duka. Kabla ya hapo angalia kama mashine yako ina kaka yake mkubwa. Mfano Stihl MS 290, 310 na 390 zinatumia krenki yenye mwendo uleule wa milimita 34, tofauti ni upana wa pistoni, 46, 47 na 49, kwa hiyo silinda na pistoni ya 390 inakaa kwenye 290 na unatoka cc 56.5 unafika 64.1 bila kuchonga chochote. Husqvarna 365 ya zamani na 372 nazo ni hivyohivyo, cc 65 unaenda 70.7. Hiyo naiona bora mara kumi, maana ikiharibika unanunua spea ya kawaida na fundi yeyote anaielewa.

Kama mashine yako haina ndugu wa hivyo na ndiyo inayolisha familia, usiichonge. Chukua mashine ya pili iliyokufa ya modeli hiyohiyo, chonga silinda ya hiyo uifunge kwenye yako, ile silinda yako nzima iweke kabatini. Vyovyote utakavyofanya pima: gogo moja, unene uleule, cheni imenolewa sawa, kata mara tatu kabla na mara tatu baada huku mwenzako anashika saa ya simu. Tofauti isipofika sekunde chache kwa kila kipande usimlipe fundi hatua ya pili. Na oili usibane, mashine iliyoongezwa nguvu mimi naipa mili 25 kwa lita kama oili ni nzuri, zile za kupima kwa kizibo cha soda achana nazo.