Kabla hujajaza fomu ya kozi, soma hapa kwanza (mimi ilinila mwaka mzima)

Wadogo zangu mnaomaliza shule, na nyie mlioko chuo mwaka wa kwanza, msimu wa machaguo ukifika najua mnavyokuwa. Mjomba ana ushauri wake, mwalimu ana wake, na marafiki mshakubaliana wote mwende kozi moja utadhani ni safari ya harusi. Naandika vitu vya kuangalia KABLA. Vilivyo wazi navipita mbio, kimoja nitakaa nacho maana kilinitoa machozi.

Rafiki: usimfuate. Hata sielezi.

Ada: usiangalie ya mwaka wa kwanza peke yake, zidisha kwa miaka yote, halafu ongeza maabara, vifaa na nauli ya mafunzo kwa vitendo. Kama hesabu inakutisha kwenye karatasi, itakutisha zaidi ukiwa mwaka wa tatu.

Sifa za kujiunga: soma mstari kwa mstari, na usome ukiwa na matokeo uliyonayo, siyo yale unayoyaota. Hapo hapo niseme kuhusu hesabu. Kuna mtoto anaacha hesabu shuleni kisa hampendi mwalimu, halafu baadaye anataka kusoma saikolojia anakutana na takwimu, akikimbilia uchumi anakuta kalkulasi imekaa mlangoni. Kozi yenyewe kwa jina haina hata harufu ya namba ila ndani imejaa. Kurudi kusoma hesabu ukubwani inawezekana, watu wanafanya, ila utakuwa una haraka na hesabu haipendi mtu mwenye haraka.

Jina la kozi: lisikudanganye. Kozi mbili zinaitwa jina moja vyuo viwili tofauti, kule wanasoma nadharia na mantiki, huku wanafundishwa kutumia programu fulani. Tafuta mtaala, halafu usisome masomo ya mwaka wa kwanza maana mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana. Nenda moja kwa moja mwaka wa mwisho uone wanasoma nini. Kama yale majina yanakuchosha hata kabla hujaingia, umeshapata jibu.

Bodi ya taaluma: hii ni ya wanaotaka udaktari, uuguzi, sheria, uhandisi, uhasibu, kazi zile ambazo cheti cha chuo peke yake hakitoshi, mpaka bodi ikukubali. Uliza bodi yenyewe, siyo chuo, kama KOZI hiyo inatambulika. Nimeandika herufi kubwa makusudi, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati safi kabisa na kozi moja ndani yake ikawa haina. Kwa wahandisi kuna makubaliano yanaitwa Washington Accord, yalianza mwaka 1989, nchi wanachama zinatambuliana shahada za uhandisi. Wanachokagua ni kozi moja moja, ubora wa chuo kizima hauwahusu. Kwa hiyo ukiambiwa "chuo chetu kinatambulika kimataifa" itikia vizuri halafu uliza, na kozi hii je? Angalia na tarehe kwenye orodha, maana ithibati huwa inaisha muda.

Mpangilio wa machaguo: kabla hujaandika la kwanza, la pili, la tatu, jua mfumo wenu unayasomaje. Watu wanadharau hiki kitu. Kuna mifumo inajaza nafasi kwanza kwa walioweka shule hiyo namba moja, kwa hiyo ukiweka shule ngumu namba moja ukaikosa, unashuka ya pili unakuta imeshajaa watu walioiweka ya kwanza, hata kama umewapita maksi. Kuna mifumo mingine inatumia njia waliyoiandika wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, pale nafasi inashikiliwa kwa muda tu mpaka machaguo ya watu yaishe kupitiwa, na ukikosa la kwanza unashindana la pili sawasawa na aliyeliweka la kwanza. Jiji la Boston kule Marekani lilitumia ule wa kwanza kupangia watoto shule, wazazi wakawa wanacheza karata badala ya kuandika wanachokitaka, mwaka 2005 wakahamia huu wa pili. Kwenu ukiwa huu wa pili andika ukweli wa moyo wako. Ukiwa ule wa kwanza, ile namba moja usiichezee.

Haya, sasa kile changu.

Mwaka wa kwanza muhula wa pili tulipewa karatasi ya kuchagua somo moja la hiari. Lilikuwepo takwimu, na lilikuwepo lingine jepesi, kipindi saa nne asubuhi, darasa karibu na hosteli. Wa mwaka wa pili wakatuambia takwimu ni kaburi, watu wanazikwa na sapu (mitihani ya marudio) pale, nikasema mimi nani nijizike mwenyewe, nikachukua jepesi. Nikapata A. Nikatamba kweli kweli.

Mwaka wa pili naenda kusajili mbinu za utafiti, mfumo unanikatalia, umeandika sina somo la kutangulia. Somo gani? Takwimu. Nikafungua kitabu cha mwongozo ambacho nilikuwa sijawahi kukifungua tangu nikabidhiwe, kumbe chini ya jedwali kuna maandishi madogo kama mchwa: hiari, isipokuwa kwa anayefanya mradi wa mwisho. Na kozi yetu mradi kila mtu anafanya! Nikaenda kwa mratibu, mtu mpole tu, akaniambia takwimu inafundishwa muhula wa pili pekee, subiri. Nikasubiri. Muhula wa pili umefika, ratiba imetoka, takwimu imegongana na somo la lazima la mwaka wangu, siku ileile saa ileile, na la lazima haliachiki.

Sasa piga hesabu na mimi. Takwimu nikaipata mwaka wa tatu muhula wa pili. Mbinu za utafiti zinafundishwa muhula wa kwanza tu, kwa hiyo mpaka mwaka mwingine. Mradi unafanyika muhula wa pili na bila mbinu za utafiti hawakupi msimamizi. Yaani kozi ya miaka mitatu nimeimaliza kwa minne, bila kufeli hata somo moja, bila kuumwa, bila kufukuzwa. Wenzangu wanavaa joho mimi nimekaa darasani na watoto niliowaonyesha maktaba ilipo siku wanaripoti, wananiita babu. Na nyumbani ukisema "sijafeli ila simalizi" hakuna anayekuelewa, wanakuangalia tu.

Kinachoniuma zaidi, takwimu yenyewe nilipata B. Haikuwa kaburi. Yule aliyetutisha kuliko wote baadaye nikaja kujua alihudhuria vipindi vinne.

Kwa hiyo fanya hivi, leo, usisubiri. Chukua karatasi, anzia mwisho. Andika somo au mradi wa mwisho unaohitaji ili uhitimu, uliza linataka somo gani kabla, chora mshale kurudi nyuma, na hilo nalo linataka nini, mpaka ufike mwaka wa kwanza. Pembeni ya kila somo andika linafundishwa muhula gani, na kama linafundishwa kila mwaka, maana kuna mengine yanaruka mwaka. Somo ambalo mishale mingi inaishia kwake ndilo la kuchukua mapema hata kama mhadhiri wake hacheki. Kisha tafuta ratiba ya mwaka uliopita uone nini hugongana na nini. Nusu saa tu, mimi hiyo nusu saa nililipia mwaka.

Na mratibu akikuambia kwa mdomo "hiyo haina shida, tutaona", mwambie ahsante sana, halafu mwandikie imeli ukirudia alichosema, akujibu. Waratibu huwa wanabadilishwa.

Krediti: usijaze muhula kisa unataka kumaliza haraka. Krediti ni kipimo cha uzito wa somo, na siyo saa za kukaa darasani tu. Kwa mfumo wa Ulaya, krediti 1 ni kati ya saa 25 na 30 za kazi, ukihesabu na kusoma mwenyewe, na mwaka mzima ni krediti 60. Fanya hesabu uone ni saa ngapi, halafu uniambie unataka kuongeza somo la sita.

Kuacha somo: jua tarehe ya mwisho. Vyuo vingi ukiacha kabla ya tarehe hakuna kinachoonekana, ukipitisha siku moja linakaa kwenye matokeo yako.

Mengine madogo madogo. Shika kitabu cha mwongozo cha mwaka ULIOINGIA na ukitunze, maana wakibadilisha mtaala katikati utakihitaji kubishana nao. Jina kwenye fomu liwe herufi kwa herufi kama la kwenye cheti. Usimpe mtu nywila yako akujazie, hata awe binamu. Usisubiri usiku wa mwisho, mtandao unalemewa. Na ukishabonyeza tuma, toka, ingia tena, hakikisha imeandikwa imepokelewa, piga picha skrini, kuna jamaa namfahamu alijaza kila kitu vizuri, machaguo yote kayapanga kwa akili, akabonyeza hifadhi badala ya tuma, akaenda kulala.